Mahali Ulimi wa Ng'ombe Haufiki

Watoto wa Kisongo walipokutana naye njiani waliinamisha vichwa, kama watoto wa Kiarusha wanavyofundishwa kufanya mbele ya mkubwa, wakangoja kiganja kishuke utosini. Hakikushuka. Aliinyoosha fimbo yake hewani, shibiri moja juu ya nywele zao, akaipitisha polepole kama anayepima kimo cha ndama, kisha akasema, "Haya, mmekua," nao wakakimbia wakicheka. Wageni walidhani ni kiburi. Kwa desturi ya kule, mzee asiyemgusa mtoto kichwa amemnyima kitu ambacho ni haki yake. Lakini mama zao walijua sababu, wala hawakulalamika. Mikono ile ilishinda ndani ya dawa ya josho, na dawa ya josho siku zile ilikuwa sumu.

Tulimwita Mtunza Josho. Mkewe naye alimwita hivyo alipokasirika. Jina lake nalikumbuka, na ukoo wake wapo wanaoweza kuutaja hadi mbali, lakini ninayemkumbuka mimi ni mtu aliyesimama ukingoni mwa handaki la saruji, shuka imefungwa begani, miguu imelowa, akiwaita ng'ombe wa watu kwa rangi zao.

Kwa wasioliona josho la zamani, niseme kidogo. Ni handaki refu, jembamba, lenye kina cha kumzamisha ng'ombe mzima, lililojazwa maji na dawa. Ng'ombe husukumwa mmoja mmoja upande huu, akatumbukia, akaogelea, akapanda ngazi upande wa pili na kusimama uani hadi achuruzike. Dawa huua kupe, na kupe wakifa, ndigana, homa ya kupe inayoua ng'ombe, hupungua. Mwingereza aliamuru kila ng'ombe wa Kisongo apite humo kila wiki. Mimi nilikuwa kijana kutoka miteremko ya Meru, mtoto wa watu wa kahawa na migomba, nimemaliza sekondari na kupata kazi ofisi ya mifugo mjini Arusha. Nilikwenda Kisongo kwa baiskeli nikiwa na sanduku la chupa, nikapima ukali wa ile dawa, nikarudi. Hivyo ndivyo tulivyojuana, miaka mingi, katikati ya kwato na vumbi.

"Mla ndizi umefika?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Mawingu yakiwa yameufunika mlima aliongeza, "Na Meru yenu leo mmeificha wapi?"

Nikimjibu shikamoo aliipokea kwa "marahaba" ya haraka haraka, kwa sababu wote wawili Kiswahili tulikipata ukubwani, mimi kwenye ubao wa shule, yeye kwenye foleni za ng'ombe, na shikamoo aliiona kama nguo ya kuazima. Nami, kwa kuwa nilikuwa msomi na mtu wa ofisi, sikuwahi kumwinamishia kichwa. Nilisalimia nimesimama wima, mkono kwenye usukani wa baiskeli.

Mikono yake ilikuwa na madoa meusi, madogo, yaliyotawanyika kama matone ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Viganja vilikuwa vimekauka na kuota sugu ngumu, hata moto wa kuni hakuusikia upesi. Tulikuwa na amri ya kutogusa dawa kwa mikono mitupu, na ofisi ilileta glavu za mpira, lakini glavu zilikuwa za mkono wa mtu mwingine kabisa. Vidole vyake havikuingia. Alikuwa na kikombe chake cha bati, kimetobolewa tundu karibu na mpini ili mtu asikosee, na mkewe alikitundika kwenye msumari wa peke yake. Ugali alikula kwa kijiko cha mti. Vijana walimtania kwamba anakula kama Mzungu. Alijibu kwamba Mzungu naye yawezekana mikono yake ina jambo.

Asikudanganye mtu kwamba alilichukia josho. Hakuna aliyelisimamia kwa ukali kama yeye. Mtu akimwacha ndama nyumbani kwa kisingizio kwamba ni mdogo, alirudishwa pamoja na kundi lake lote. Niliwahi kumwona akimrudisha mzee aliyemzidi umri, tajiri wa mifugo, kwa ajili ya mtamba mmoja aliyefichwa kichakani. Mzee yule alimtukana kwa Kimaa kwa muda mrefu. Mtunza Josho alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba mtamba anamngoja kichakani. Zizi lililomalizwa na ndigana alikwisha kuliona. Alisema kinachobaki si kimya, ni nzi. Hakupenda kulisema mara mbili.

Kwa hiyo nikieleza habari za ndege wake, zisomwe zikiwa na hayo yote ndani yake.

Shashi ni ndege wa rangi ya udongo, mwembamba, mdomo mwekundu kama uliochovywa kwenye damu. Hakai mtini kama ndege wengine ila usiku. Mchana makao yake ni mgongo wa mnyama. Hupanda shingo, hushuka tumboni, huning'inia chini ya mkia, huku akichana manyoya kwa mdomo na kuwang'oa kupe. Ng'ombe asiyevumilia hata nzi humfungulia shashi sikio. Nimeliona kwa macho yangu: jike zima linasimama, linalegeza sikio, na ndege anaingiza kichwa chote mle ndani. Mtunza Josho alipenda kuniita niangalie, kana kwamba ndiye aliyewafundisha.

Alikuwa na madaraja yake. Yangeyange, wale weupe wanaofuata kwato ili wale panzi waliotimuliwa, aliwaita wapita njia. Wanakula kwa ng'ombe, alisema, lakini hawajui ng'ombe ana kidonda wapi. Shashi aliwaita wenyeji. Mwenyeji anakulinda pia: akiona mtu asiyemjua, au chui, hutoa sauti ya tsss, kali, kama maji yaliyomwagika kwenye jiwe la moto, na ng'ombe wote huinua vichwa. Mtunza Josho alijua kwa sauti hiyo kama nimefika kabla hajaiona baiskeli. Alidai wana tsss ya Mmeru, tofauti na nyingine.

Siku moja alinipeleka nyuma ya josho, kwenye migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ambavyo upepo ukipita hupiga mluzi. Akaniambia nikate tawi kwa ajili ya uzio. Nilikata. Vinundu vilijaa sisimizi, wakamiminika hadi kwapani kwangu, nami nikavua shati mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji. Alicheka hadi akakaa chini. Baadaye, alipokwisha kunipa mafuta ya kondoo nijipake, alinieleza kwamba mti ule unawapa sisimizi nyumba na sukari, na wao wanamuuma kila anayeuonja. Nilimwambia kwamba shuleni tulifundishwa hayo kwa maneno marefu zaidi. Akauliza kama maneno hayo yangeniokoa shati.

Kanisani alikaa karibu na mlango, kwa sababu ya harufu ya dawa. Mwinjilisti alimpenda na kumwogopa kidogo, kwa maswali yake. Mara moja, somo likiwa la safina, alinyoosha fimbo na kuuliza kama shashi waliingia kwa miguu yao au mgongoni mwa ng'ombe. Mwinjilisti alijibu kwamba kila kiumbe kiliingia kwa zamu, wawili wawili. "Basi shashi walipita bure, kwa zamu ya ng'ombe," akasema Mtunza Josho, na ibada ikasimama kidogo kwa kicheko. Nalikumbuka swali hilo kwa sababu baada ya mambo ninayotaka kuyaeleza hakuuliza jingine tena.

Josho lilipoanza, shashi hawakuelewa. Ng'ombe walitoka na kupe wao, wakiwa wamelowa sumu, na ndege wakashuka kula kama kawaida. Asubuhi iliyofuata walikutwa uani, chini ya uzio wa mabomba ya chuma, kucha zimekunjwa. Mtunza Josho aliwaokota katika debe na kuwafukia nyuma ya ukuta. Nilimkuta akifanya hivyo zaidi ya mara moja, wala hakunifafanulia. Nikiwa kijana wa ofisi, niliona kwamba ni bei. Kupe wamekwisha, ndama wanaishi, ndege wamekosa chakula hata hivyo. Wataenda kwa nyati na twiga porini. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba mtu akifukuzwa nyumbani kwake pia hutembea, lakini hatuiti hiyo safari.

Hatimaye Kisongo yote ilibaki na kundi moja dogo la shashi, na kundi hilo lilikaa juu ya ng'ombe mmoja, naye alikuwa wa Mtunza Josho. Aliitwa Nanyokie, yaani Mwekundu. Yeye hakuoshwa.

Watu walijua. Mtu aliyemrudisha tajiri kwa ajili ya mtamba mmoja, kila wiki alimfunga ng'ombe wake mwenyewe nyuma ya nyumba na kwenda kuwaosha wa wenzake. Walimsema, lakini kwa utani, kwa sababu hakuna aliyekuwa mkamilifu, na kwa sababu Nanyokie alikuwa safi kuliko waliooshwa. Ndege walimchana kutwa. Mimi pia nilijua, na kwenye taarifa zangu nilinyamaza. Nilimpenda mzee yule. Pia niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mapema.

Mkewe hakuficha maoni yake. Alikuwa mama mkavu wa maneno, mwenye shanga za shingoni zilizolia alipotikisa kichwa. Nanyokie alikuwa na kidonda bega la kushoto, na kidonda hakikupona, kwa sababu shashi walikifungua tena na tena na kunywa damu. Hilo ni kweli kwao: hula kupe, lakini kupe wakipungua hula mwenye kupe.

"Wanamponya au wanamla?" mama yule aliniuliza siku moja, akinimiminia maziwa. "Wewe umesoma, niambie."

Nilisema ni vyote viwili.

"Basi mwambie huyo mume wao."

Mtunza Josho alikuwa ameketi pale pale, kikombe chake chenye tundu mkononi. Alisema rafiki asiyekugharimu kitu si rafiki, ni mgeni. Mkewe akasema kwamba kwa kipimo hicho yeye ni rafiki mkubwa sana wa nyumba ile. Tulicheka wote watatu. Sikumbuki kuwaona wakicheka pamoja baada ya hapo.

Jirani yao alikuwa mjane wa mtu wa rika la Mtunza Josho. Kwa Waarusha rika si umri tu. Walitahiriwa msimu mmoja, wakala nyama pamoja, na mmoja akifa, nyumba yake haiwi ya wengine. Mjane yule alikuwa na mtamba mmoja, ambaye ndiye aliyebaki wa zizi la mumewe, na mjane aliitegemea mimba ya kwanza ya mtamba huyo kama mtu anavyotegemea mvua. Masika moja mtamba akavimba tezi chini ya masikio. Akaacha kula, akaanza kukohoa povu, akafa. Ilikuwa ndigana, isiyo na ubishi. Mtamba alioshwa kila wiki. Lakini alikula bega kwa bega na Nanyokie, kwenye majani yale yale.

Mjane hakupiga kelele. Alikuja hadi josho siku ya kuosha, akasimama mbele ya watu, akasema na Mtunza Josho kama mke wa rika anavyoweza kusema na mtu, bila woga na bila kumvunjia heshima.

"Wewe umewarudisha watu hapa kwa ajili ya ndama," alisema. "Mume wangu angekuwepo, ungemwambia nini?"

Mtunza Josho akatazama maji ya handaki. Wazee waliokuwepo wakakaa hapo hapo uani, juu ya ukuta wa saruji, ng'ombe wakiwa bado wanachuruzika, wakaligeuza kuwa baraza. Wengine walisema ni mvua iliyoitia dawa maji. Wengine walisema kundi la ng'ombe wa wachuuzi lililopita kwenda mnadani lilidondosha kupe. Mmoja alisema shashi hawaachi kupe kwa Nanyokie, kwa hiyo kupe wa kumuua mtamba angetoka wapi. Ndipo mzee mmoja akageuka na kusema, yupo kijana wa ofisi, atuambie kitabu kinasema nini.

Nilisimama. Nilieleza jinsi kupe anavyoanguka kutoka kwa ng'ombe, anavyojibadilisha nyasini, anavyopanda jani na kungoja mguu unaopita. Nilieleza kwamba ndege hula kupe wakubwa walioshiba, lakini walio wadogo kama punje ya mtama huwapita. Nilieleza kwamba ng'ombe mmoja asiyeoshwa anaweza kuwa mlango wa zizi zima. Yote yalikuwa kweli. Wazee walikuwa kimya, hata waliozoea kukohoa hawakukohoa, nami sikuwahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu. Lipo neno moja nililolijua na sikulisema: kwamba wangeweza kwanza kumchambua Nanyokie kupe kwa mikono, wakamfungia ndani siku chache baada ya kuoshwa, hadi dawa ipungue kwenye manyoya, ndipo ndege wamrudie. Lilikuwa neno dogo, la kazi, lisilo na utamu. Hotuba yangu ilikuwa imeisha vizuri, nikaiacha ilivyoisha.

Mtunza Josho aliniangalia kwa muda. Nadhani alikuwa anangoja. Kisha akaondoka, akarudi na Nanyokie kwa kamba.

Shashi walikuwa juu yake. Walipomwona kila mtu wakasema tsss, wote kwa pamoja, wakaruka hadi kwenye paa la josho. Nanyokie, ambaye hakuwahi kulipitia lile handaki, aligoma. Wengine walisukumwa, yeye bwana wake aliingia mbele yake majini, hadi kifuani, akamvuta kwa pembe akimwimbia kitu. Walitoka upande wa pili wote wawili wakichuruzika. Mjane alifunika macho kwa shuka yake.

Tangu hapo alifanya jambo ambalo Kisongo walilicheka, kisha wakaacha kucheka. Alimfuata Nanyokie malishoni akiwa amevua shuka, na kila shashi alipotaka kushuka, akampungia. Mtu aliyewafuga ndege wale miaka yote sasa aliwafukuza kama mtoto anayelinda mtama. Hakula. Hakwenda kuosha, mkewe ndiye aliyeniambia, nilipofika, niende mwenyewe kusimamia foleni. Niliwaona kutoka ukingoni mwa josho, kule uwanjani: ng'ombe mwekundu, na mzee nusu uchi akizunguka, shuka ikipaa na kushuka. Ndege waliondoka na kurudi. Mgongo ule ndio waliouzoea, na shuka ile waliijua tangu zamani, hawakuiogopa. Alidhani wakimwona yeye watatii. Alikosea. Kwa sababu ya kumjua walikuja karibu zaidi.

Alichoka, kama mtu yeyote angechoka. Alipokaa chini walishuka wakala.

Nilikuwepo asubuhi ile walipoanza kuanguka, kwa sababu nilikuwa nimelala kwa mwinjilisti, baiskeli imepasuka tairi. Waliokuwa wepesi walianguka mapema. Mmoja alifia juu ya nundu, kucha zake zimeshika manyoya, na kucha za shashi zikishika hazifunguki kwa urahisi. Nilikwenda kumtoa. Mtunza Josho akanizuia kwa fimbo, ile ile aliyowapimia watoto. Alimfungulia Nanyokie, akamwacha aende malishoni, na ndege yule akaenda naye, amesimama wima mgongoni kama aliye hai, kichwa kimeinama kando. Kutoka mbali usingejua tofauti. Ng'ombe yule, sikilizeni, alipofika majanini alisimama na kulegeza sikio.

Hicho ndicho kinachonirudia. Nimekuwa mzee kuliko yeye alivyokuwa siku ile. Nimezika mke na marafiki, na nyuso zao zinaanza kunipotea. Lakini sikio lile la ng'ombe naliona nikifumba macho. Ninapokaa sasa, Olasiti, kuna mabati mengi kuliko ng'ombe, na alfajiri umande ukidondoka kwenye bati la moto la jikoni hutoa tsss, nami hugeuza kichwa kuangalia ni nani amefika.

Mtunza Josho alirudi kazini wiki iliyofuata. Alimpa mjane ndama jike wa Nanyokie, akamfunga mwenyewe kwenye zizi la marehemu wa rika lake, na neno la mtamba likaisha. Ndigana haikurudi mwaka ule. Sijui kama ilikuwa kwa sababu ya Nanyokie kuoshwa, au kwa sababu wachuuzi walibadili njia. Naye hakujua, na hilo, mkewe aliniambia, ndilo lililomkosesha usingizi: angekuwa na hakika kwamba ng'ombe wake alimuua mtamba, angelala. Mimi nilizidi kwenda na chupa zangu. Hakuniita tena mla ndizi. Aliniita Bwana Mifugo, kwa heshima kamili, akaipokea shikamoo yangu yote. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikaupata. Wakubwa wangu waliandika kwamba nina bidii.

Nilimwona mara moja nyingine. Mwingereza alikuwa anafunga mizigo, watu walishaanza kushona nguo za sherehe, nami nilikuwa na mke, watoto na tumbo. Nilikuwa nimekwenda sokoni Ngaramtoni kununua mbuzi, nikasikia kwamba Mtunza Josho amehamia kwa bintiye, karibu tu na hapo, na kwamba macho yameisha. Nilitaka kwenda zangu nyumbani. Nilimfunga mbuzi kwenye baiskeli, nikaisukuma hadi njia panda, nikasimama pale muda mrefu kiasi kwamba mbuzi alilala chini. Kisha nikageuza.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya zizi. Ndani kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, wa kizazi cha Nanyokie, akicheua. Mikono ameilaza magotini, viganja juu. Sugu zilikuwa zimepasuka kama gome la mti. Kabla sijasema neno akageuza uso.

"Baiskeli hiyo mnyororo wake unalia tangu enzi zile," alisema. "Kaa."

Tulizungumza habari za watoto, za mkewe aliyekwisha kufariki, za bei ya kahawa kwetu. Alizungumza kama mtu anayesikiliza kitu kingine. Mara akainua kidole.

"Unawasikia?"

Nilisikiliza. Ng'ombe alikuwa anacheua. Punda wa mtu alipita barabarani na mzigo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ningesema, na angefurahi.

"Siwasikii, mzee."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimejibu vizuri. "Ungesema unawasikia ningejua umekuja kunizika." Akageuza uso kuelekea zizini. "Mimi nawasikia kila kunapopambazuka. Hawana hasira. Wanauliza tu kama ni salama kushuka. Nami sijui niwajibu nini."

Nilimwambia lile neno. Kwamba siku ya baraza nilijua la kufanya, kupe wachambuliwe, ng'ombe afungiwe, na kwamba sikulisema. Nilidhani nitalieleza kwa urefu, na sababu zake, lakini lilikuwa fupi mno mdomoni.

"Najua," alisema. "Nilikuona umefungua mdomo ukaufunga. Na mimi nilikuwa na mdomo." Akapapasa fimbo yake chini, akaipata, akaiacha tena. "Mikono hii imewachambua kupe ng'ombe tangu utoto wangu. Sikuhitaji kitabu kuniambia. Nilikuwa nimeaibika mbele ya mke wa rika, nikataka iishe upesi."

Binti yake alitoka, akaangalia jua, akarudi ndani. Nilisimama kuaga. Sijui ni nini kilichonishika. Nilikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya ofisi. Nilivua kofia, nikapiga goti kwenye samadi kavu mbele ya kigoda, nikamwinamishia kichwa.

Alijua kwa sauti ya goti. Mkono ulianza kuinuka, ukasimama hewani, shibiri moja juu, pale pale fimbo ilipokuwa ikipita.

"Mikono hii?" aliuliza.

"Hiyo hiyo."

Ukashuka. Kiganja kilikuwa kizito na kikavu, kikakwaruza ngozi. Hakukiweka utosini tu kama desturi inavyotaka. Vidole vilitembea kwenye nywele zangu, vikizitenganisha polepole, kidogo kidogo, vikashuka kisogoni, vikafika nyuma ya sikio na kutulia hapo.

"Walipenda hapa," alisema. "Ulimi wa ng'ombe haufiki."

Nilibaki nimeinama hadi alipouondoa mkono mwenyewe. Jioni ile mke wangu aliniwekea maji ya kuoga, akiniuliza nimepotelea wapi na mbuzi. Niliosha mwili wote. Kichwa nikakiacha.